Sauti ya Baba, Usiguse

Kwa miaka kumi na miwili mtu huyu alikuwa akiwaambia watu jambo moja tu, na kila alipolisema alibana vidole viwili kana kwamba ameshika kitu chembamba sana katikati: miaka mia. Bila umeme, bila kutu, bila kuchakaa, miaka mia. Alilisema mikutanoni, akalisema kwenye harusi za binamu zake, akalisema hata kwa daktari wa meno, mdomo ukiwa wazi na kioo kikiwa ndani. Mwishowe wenzake kazini wakaacha kumwita kwa jina lake wakamwita Miaka Mia. Mtu mwingine angeshtuka na kujirekebisha. Yeye alifurahi, akaanza kujitambulisha hivyo kwenye simu.

Jambo lenyewe, tukimtendea haki, halikuwa la upuuzi. Kwenye mabwawa ya kuvunia chumvi huishi vijidudu vinavyopenda chumvi kuliko kitu kingine chochote, na mwilini mwao mna protini ya rangi ya zambarau ambayo hubadilika umbo ikipigwa na mwanga. Miaka Mia aliitoa protini hiyo, akaichanganya na jelatini, akaipaka juu ya kipande cha kioo cha ukubwa wa kitambulisho, ikakauka ikawa utando. Ukiupiga utando huo kwa leza ya kijani na papo hapo ukaupiga kwa nyekundu, nukta uliyoilenga inabadilika na kubaki hivyo miaka nenda miaka rudi. Nukta iliyobadilika ni moja, isiyobadilika ni sifuri, na kwa moja na sifuri unaandika utakacho: kitabu, ramani, sauti ya mtu. Ukitaka kufuta, unaumulika utando wote kwa mwanga wa bluu kwa dakika tatu, nao unakuwa mtupu tena.

Kwa hiyo mwanga wa bluu ndio ulikuwa adui, na kwa kuwa taa za kawaida zina bluu ndani yake, chumba chake cha kazi hakikuwa na dirisha wala taa ya kawaida. Kilikuwa na taa nne nyekundu, hafifu, ambazo humfanya kila anayeingia aonekane ana homa. Mlangoni alibandika karatasi ya masharti sita aliyoyatunga mwenyewe. Sharti la nne lilisema kwamba lebo zote ziandikwe kwa kalamu nyeusi. Hakuandika sababu, maana aliona mtu mwenye akili timamu ataijua.

Jirani yake wa mlango wa pili alikuwa mama mmoja wa makamo aliyetunza kompyuta na diski za taasisi nzima. Huyu alikuwa na dini yake: kitu kisicho na nakala tatu, mahali patatu, hakipo. Wafanyakazi walimwita Nakala Tatu. Yeye na Miaka Mia walibishana kwenye chumba cha chai kwa miaka mingi, na ilikuwa burudani ya bure kwa wengine. Miaka Mia alimwambia nakala tatu ni za watu wenye imani haba. Nakala Tatu alimjibu kwamba imani aipeleke ibadani, kazini alete nakala.

Hapo ndipo inapoingia kaseti.

Baba yake Miaka Mia alikuwa fundi redio. Alifariki miaka tisa nyuma, akaacha sanduku la bisibisi, stuli yenye mguu mmoja mfupi, na kaseti moja ambayo alirekodi sauti yake siku alipokuwa akijaribu kinasa sauti cha mteja. Mama yake, mwalimu mstaafu aliyefundisha darasa la pili kwa miaka thelathini na nne, aliisikiliza kaseti ile kila Jumapili mchana baada ya kuosha vyombo. Hakuwa mtu wa machozi. Aliisikiliza akikunja nguo, na ikiisha aliirudisha mwanzo, akaifungia kwenye kabati la sahani.

Mwaka huu kaseti ikaanza kukoroma. Miaka Mia akaona nafasi yake. Alimweleza mama yake habari ya utando mezani, akabana vidole viwili hewani, na mama yake akamsikiliza kwa uvumilivu aliowahi kuwapa watoto waliosoma kwa kukwama. Mwishowe akauliza swali moja, kama hiyo miaka mia amekwisha kuihesabu mtu yeyote hadi mwisho. Miaka Mia akacheka. Mama akafungua kabati la sahani, akampa.

Aliinakili kwenye kompyuta salama salimini. Siku hiyo hiyo, alipotaka kuirudisha mwanzo, mashine yake ya zamani ya kuchezea kaseti ikaitafuna, ikautoa utepe nje mita kwa mita na kuukatakata. Akamwambia mama yake asijali kabisa. Akaiandika sauti kwenye utando, akaisoma, akaipima, na kila moja na kila sifuri ilikaa mahali pake.

Angeishia hapo tungemsamehe. Lakini Ijumaa iliyofuata ubishi ukazuka tena kwenye chumba cha chai, Nakala Tatu akasema mtu asiyeweza kufuta faili lake haamini utando wake, na kichwa cha Miaka Mia kikavimba. Akainuka na kikombe mkononi, akaenda kwenye kompyuta mbele ya mashahidi watano, akalifuta faili la sauti ya baba yake. Kisha akafuta na pipa la taka la kompyuta. Watu wakapiga makofi, naye akainamisha kichwa kidogo, kwa heshima zake.

Jumapili akalipeleka kasha kwa mama yake alione. Kioo chenyewe kilikuwa ndani, gizani. Kasha lilikuwa jeusi, limefungwa kabisa, na lebo nyeupe juu yake. Mama akalishika, akalitikisa karibu na sikio, akasema halina kitu. Halafu akauliza mbona halijaandikwa jina. Akachukua mkoba wake, akatoa kalamu yake nyekundu, ile ile iliyosahihisha madaftari ya wilaya nzima, akaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni: SAUTI YA BABA. USIGUSE. Akapiga mistari miwili chini yake.

Sharti la nne lilimjia Miaka Mia hadi kwenye ncha ya ulimi. Lakini ni nani angemwambia mwanamke yule kwamba kalamu yake haifai? Akauma ulimi, akalirudisha kasha kazini, akaliweka rafuni, la tatu kutoka kushoto, akajiambia kwamba la tatu kutoka kushoto haliwezi kusahaulika.

Miezi mitatu ikapita. Kisha Mkurugenzi akatangaza kwamba wageni wanakuja, watu wanne wa shirika linalohifadhi nyaraka za zamani, na kwamba wakiridhika, kazi ya utando itapata jengo lake. Mkurugenzi alikuwa mtu wa hotuba. Alitaka hotuba yake ya ukaribisho iandikwe kwenye utando, wageni waisikie ikitoka kwenye kioo. Na kwa kuwa alikuwa amesikia habari ya kaseti, alitaka pia sauti ya marehemu ichezwe mwishoni, mjane wake akiwepo. Miaka Mia akampigia mama yake simu. Mama akauliza avae nini.

Siku moja kabla ya ugeni, saa tatu asubuhi, Miaka Mia aliingia kwenye chumba chake chekundu na kuanza kupanga. Rafu ilikuwa vurugu, na yeye hakutaka wageni waone vurugu, basi akayatoa makasha yote thelathini, akayafuta vumbi, akayapanga upya kwa ukubwa. Akachukua moja lenye lebo tupu. Akakitoa kioo, akakiweka chini ya taa ya bluu kwa dakika tatu, kama desturi ilivyo kwa kioo kipya kabla ya kuandikwa. Alikuwa akipiga mluzi. Halafu akaandika hotuba ya Mkurugenzi, akaisoma, akaipima, haina kasoro hata moja. Akalichukua kasha tupu aende nalo mezani nje, penye daftari la kumbukumbu, aandike namba.

Alipofungua mlango, mwanga wa kawaida wa ukumbini ukaangukia lebo, na mwandiko wa mama yake ukajitokeza juu yake, mwekundu, mkubwa, na mistari miwili chini.

Wino mwekundu juu ya karatasi nyeupe, chini ya taa nyekundu, hauonekani. Karatasi inaonekana nyekundu, wino unaonekana mwekundu, basi huoni kitu. Mtu anayejua hilo kuliko watu wote wa jengo lile alikuwa amesimama mlangoni, mgongo wake ukigusa karatasi yenye sharti la nne. Akarudi ndani na kasha. Lebo ikawa tupu. Akatoka. SAUTI YA BABA. Akaingia, akatoka, mara nne au tano, na mfagiaji aliyekuwa akipita na ndoo akamuuliza kama mlango una tatizo.

Alikirudisha kioo kwenye mashine ya kusomea akakisoma tena, sijui akitarajia nini. Spika ikasema, "Waheshimiwa wageni wetu." Akaizima mashine. Akakisoma kwa pembe nyingine. "Waheshimiwa wageni wetu." Baba yake alikuwa mtu wa maneno machache, na mahali pake amekalishwa Mkurugenzi, dakika kumi na moja nzima. Miaka Mia alianza kucheka, kicheko kile ambacho mwenyewe husikii raha yake, mpaka kicheko kikaisha.

Alikwenda kwa Nakala Tatu. Alikuwa amejiandaa kuchekwa. Njiani alikwisha kuchagua hata uso wa kuchekewa. Nakala Tatu hakucheka. Alivaa miwani, akatafuta kwenye diski moja baada ya nyingine, kwa saa nzima, chai yake ikapoa. Akapiga simu mahali fulani akauliza kuhusu kompyuta ya zamani iliyouzwa. Kisha akavua miwani akasema pole, kaka yangu, hakuna. Angecheka ingemuuma kidogo zaidi ya kuumwa na siafu. Ile pole ilimfuata mpaka nyumbani.

Nyumbani alipata wazo, na lilikuwa wazo la mtu aliyefikwa na maji ya shingo. Kila mtu husema kwamba kwenye simu sauti yake na ya baba yake ni moja. Shangazi yake aliwahi kumsimulia siri nzito ya ukoo kwa dakika kumi akidhani anaongea na marehemu, enzi za uhai wake. Basi atarekodi mwenyewe. Ataandika kwenye kioo kipya kesho alfajiri, na mama yake atasikia alichokuja kusikia. Hakuuita uongo. Aliuita ukarabati, neno la fundi.

Akajifungia bafuni na simu, kwa sababu bafuni sauti hukaa vizuri. Akasafisha koo. "Moja, mbili, tatu," akasema, kwa ile sauti nzito kidogo, ya puani. Mke wake akauliza kutoka jikoni kama yuko salama. Akajibu yuko salama. "Moja, mbili, tatu. Hii sasa inashika." Akakohoa, kwa maana baba yake alikuwa mtu wa kikohozi. Ilitoka vizuri mno, hata nywele za shingoni zikamsimama. Akavuta pumzi aendelee.

Akagundua kwamba hajui kinachofuata.

Alikaa kwenye ukingo wa beseni akajaribu kukumbuka. Alijua kaseti ina dakika kumi na moja na sekunde kumi na nne. Alijua imechukua nukta ngapi za utando, ngapi kati ya hizo zilihitaji kurudiwa, na kwenye dakika ya sita mna mngurumo wa umeme wa jengo. Angeweza kukuchorea mawimbi yake ubaoni. Lakini siku aliyoinakili alisikiliza sekunde ishirini, akaona kiwango cha sauti kiko sawa, akaenda kula. Baada ya hapo aliitazama kwenye kioo cha kompyuta tu, kama mtu anayepima nguo pasipo kumwangalia anayeivaa. Na miaka yote ya Jumapili za mama yake yeye hakuwahi kukaa. Alikuwa akipita na kusema ana haraka.

Mke wake akagonga, akauliza nani huyo anayehesabu humo ndani kila mara na hafiki nne. Miaka Mia akasema ni kazi.

Kwa hiyo kesho yake, mbele ya wageni wanne, Mkurugenzi, na mama yake aliyevaa gauni la kijani na viatu vya kufunga, Miaka Mia alikuwa na kioo chenye baba wa bandia wa sekunde ishirini. Chumba kilikuwa kidogo, wote wamebanana ndani ya wekundu ule. Mama alipewa stuli. Hotuba ya Mkurugenzi ikachezwa yote, Mkurugenzi akiitikia maneno yake mwenyewe kwa kichwa. Kisha Miaka Mia akabadili kioo. Aliogopa kukidondosha, na pia akatamani kukidondosha.

"Moja, mbili, tatu. Hii sasa inashika." Kikohozi. Mkwaruzo aliouongeza kwa kusugua gazeti.

Wageni wakapiga makofi. Mmoja wao akashika kifua. Mkurugenzi akatoa leso kabisa, akasema kwa sauti iliyokatika kwamba hii ndiyo maana ya kazi yetu, na kwamba chai iko tayari. Wakatoka mmoja mmoja, wakimpa mkono mjane. Mama aliwashukuru wote kwa adabu zake za siku zote. Hakuinuka. Mlango ulipofungwa wakabaki wawili.

"Kikohozi umekiweka nyuma," Mama akasema. "Baba yako alikuwa anakohoa kwanza, ndipo anahesabu."

Miaka Mia alikuwa ameandaa maneno ya kueleza kwa nini zimechezwa sekunde ishirini tu, maneno mazuri, yenye istilahi. Aliyaacha yote. Akaegemea meza ya leza, kitu ambacho sharti la pili linakataza.

"Nimeifuta, Mama," akasema. "Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Jana."

Mama akataka kujua imekuwaje, na akamweleza yote, kaseti iliyotafunwa, faili, makofi ya chumba cha chai, rafu aliyoipanga kwa ajili ya wageni. Alipofika kwenye lebo alijaribu kuirukia harakaharaka. Lakini huwezi kuruka mstari mbele ya mwalimu wa darasa la pili. Akaomba aletewe kasha. Akalishika chini ya taa nyekundu, akatazama lebo tupu, akapitisha kidole mahali alipojua kwamba ameandika.

"Kwa hiyo ni kalamu yangu."

"Hapana, Mama. Sharti ni langu, nimelibandika mlangoni. Nilijua. Niliona aibu kukwambia."

Mama akaliweka kasha mapajani. Vikombe vya wageni vilisikika ukumbini. Hakuuliza kuhusu kufuta tena.

"Uliisikiliza lakini? Kabla?"

Hapo ndipo Miaka Mia alipotamani sakafu ipasuke. Jana alidhani kosa lake kubwa ni lile la dakika tatu za bluu.

"Sekunde ishirini," akasema.

Mama akatikisa kichwa polepole, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ukaonyesha kwamba umeumia. Akasema alidhani kimya chake ni cha kuguswa. Miezi mitatu alisubiri ampigie simu amwambie kitu, na simu ilipokuja ilikuwa ya kumwalika kwenye ugeni. Alifikiri labda wanaume wa ukoo ule ndivyo walivyo.

"Maneno ninayo," akasema. "Miaka tisa, kila Jumapili, nitakosaje kuyajua? Sauti ndiyo nilikupa wewe, mwanangu. Sauti sina tena."

Miaka Mia akasema nisamehe, akalisema mara mbili. Mama hakumwambia amesamehe wala hajasamehe. Alijiweka sawa kwenye stuli, akafumbata mikono juu ya kasha, akakohoa. Kisha akaanza, bila kuigiza, kwa sauti yake mwenyewe ya kila siku.

"Moja, mbili, tatu. Hii sasa inashika. Halafu ananiita. Mwalimu, hebu njoo useme neno hapa. Mimi nipo mezani nasahihisha, nasema niache, nina madaftari arobaini. Anacheka. Anasema, haya, Mwalimu hataki, andikeni. Halafu mwenye kinasa anabisha hodi, anauliza kimepona? Baba yako anasema bado, njoo kesho. Na kimepona, unakisikia kinafanya kazi. Alitaka tu kubaki nacho siku moja zaidi. Mlango unafungwa. Bisibisi inaanguka. Hapo unaingia wewe."

Akamtazama. Alikuwa akimsubiri.

Miaka Mia alitafuta kichwani, kila mahali, kama alivyotafutiwa jana kwenye diski zile. Hakukuwa na kitu. "Sikumbuki, Mama. Nilikuwa na miaka mingapi?"

"Minne." Na mama yake, mwanamke wa miaka sabini na miwili, akasema ile sehemu ya mtoto, tena akilegeza ulimi kidogo kama mtoto alivyokuwa. "Baba, na mimi niseme? Anakwambia sema. Halafu hakuna kitu, unapumua tu, umekibandikia mdomo kile chombo karibu ukimeze. Halafu unasema, Baba, nikikosea? Anakwambia, ukikosea tutaifuta, wewe sema. Basi ukahesabu. Moja, mbili, tano, tisa, tano."

Miaka Mia alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Siku ya pili, mwenye kinasa kabla hajaja," Mama akaendelea, "nilimwona baba yako ameshika kaseti, anavunja kwa bisibisi vile vipande viwili vidogo vya plastiki vya mgongoni, ili mtu asiweze kurekodi juu yake. Nikamwambia umemdanganya mtoto, si ulisema ikikosewa utaifuta? Akasema, huyu amekosea vizuri mno, mimi nifute kitu gani."

Kilichomtoka Miaka Mia hapo hakikuwa kilio cha mtu mzima. Alilia kwa sauti, pua na yote, ndani ya chumba alichokijenga ili kitu chochote kisipotee, na Mkurugenzi aliyekuja kumwita ajibu swali la wageni alifungua mlango kidogo, akaona, akaufunga taratibu. Mama alimwacha alie. Alitoa leso kwenye mkoba akampa, akasubiri ajifute, akatazama saa yake.

"Hapo ni dakika ya pili tu," akasema. "Zimebaki tisa. Kaa usikilize."

Hakukuwa na stuli nyingine. Akakaa sakafuni, miguu ameikunja, na mama yake akakohoa kidogo na kuendelea.